Tulihesabu waliokufa 2008. Waliofungua milango je?

Kila Mkenya anaijua bahasha ya Waki. Hata sisi ambao wakati huo tulikuwa watoto wa darasa la kwanza tumekua tukiisikia. Jaji Philip Waki na tume yake walichunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakafunga majina ya washukiwa wakuu ndani ya bahasha, Kofi Annan akaishika, na Julai 2009 akaituma kwa kiongozi wa mashtaka wa mahakama ya ICC. Mwaka uliofuata wakatajwa washukiwa sita. Kufikia Aprili 2016 kesi zao zote zilikuwa zimeporomoka.

Kwa hivyo orodha ya washukiwa tulikuwa nayo, hata kama haikufika popote. Orodha ya waliokufa pia tunayo. Tume hiyo hiyo ilihesabu watu 1,133. Waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu, na serikali baada ya serikali imekuwa ikipigia siasa suala la fidia yao.

Kuna orodha ya tatu ambayo haipo kabisa, na ndiyo ninayoitaka. Ni ya watu wa kawaida waliofungua mlango usiku, wakamwingiza jirani wa kabila lingine, wakafunga, halafu wakatoka nje kuwaambia vijana wenye panga kwamba hapa hakuna mtu.

Watu hao walikuwepo. Waandishi wa habari na makundi ya haki za binadamu walizinukuu simulizi kama hizo wakati ule, mstari mmoja hapa, aya moja pale, mara nyingi bila jina. Halafu nchi ikasonga mbele na kuwaacha hapo.

Sasa tuseme ukweli. 2027 inakuja, na kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa "tudumishe amani" na watu waliovaa fulana zenye rangi za chama. Amani kwao ni neno la jukwaani. Mimi ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kuifanya kwa mikono yake, chumbani kwake, watoto wake wakiwa wanatetemeka kitandani. Mtu huyo anajua kitu ambacho mimi na wewe hatukijui. Na anazeeka.

Kimya cha ufuoni

Naishi Kisumu, karo ya chuo ilikata nikarudi mtaani na sasa naandika mtandaoni. Lakini kwetu ni Uyoma, upande wa Luanda Kotieno. Kama hujafika, unapanda gari Kisumu, unapita Bondo na Ndori, na barabara inakwenda mpaka inaishia majini. Hapo unakuta feri ya Mbita, mashua, mizani ya samaki, na kina mama wameanika omena kwenye nyavu chini.

Omena hiyo hailiwi yote hapo. Nyingine inapandishwa lori kwenda Gikomba, nyingine inaishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku na nguruwe mbali kabisa na ziwa. Maana yake ni kwamba mama wa Luanda Kotieno ambaye hajawahi kuishi nje ya Siaya ana wateja Wakikuyu, Wakamba, Wakisii. Anawajua kwa majina, anawakopesha, wanamkopesha. Ufuo unaonekana kama mwisho wa barabara, lakini kwa biashara ni makutano.

Sasa fikiria Januari 2008. Watu ambao wiki mbili kabla walikuwa wateja wakageuka "wale". Ukikaa na wazee pale ufuoni jioni, stori za wakati ule huanza vizuri tu, halafu hukatika. Kuna mtu alilala kwa fulani. Kuna mtu alisindikizwa usiku. Kwa nani? Alisindikizwa na nani? "Ah, hayo yaliisha, nyathina." Wanahamia kuzungumzia bei ya mbuta.

Mjini Kisumu kimya kina sababu nyingine pia, na ni ya haki. Maduka ya Oginga Odinga Street yaliporwa na kuchomwa, ndiyo. Lakini wengi wa waliokufa Kisumu walipigwa risasi na polisi. Kwa hivyo ukitaja 2008 Kondele au Nyalenda, kitu cha kwanza mtu anachokumbuka ni risasi na ni kijana wa nani aliyelala chini. Ni vigumu kumwambia mtu aliyezika mwanawe, "Haya, sasa tuzungumzie jirani yako Mkikuyu alivyoponea."

Hata hivyo lazima tuzungumze. Familia za Wakikuyu zilizokimbia mitaa ya Kisumu zilifika kwenye vituo vya polisi, kisha zikasafirishwa. Mtu hatoki katikati ya ploti mpaka kituo cha polisi, barabara zimefungwa kwa mawe na matairi yanaungua, kwa miujiza. Kuna aliyempa leso ajifunike. Kuna aliyetembea mbele yake akijibu maswali kwa Dholuo kwa niaba yake.

Na haikuwa upande mmoja. Mwishoni mwa Januari ilikuwa zamu ya Wajaluo kuwindwa Nakuru na Naivasha. Naivasha watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja, wengi wao watoto na kina mama. Waliookoka walikimbilia kituo cha polisi na gereza la Naivasha, kisha mabasi na malori yakawaleta huku Nyanza. Ukiwauliza baadhi yao watakwambia kwamba kabla ya kufika huko walikaa saa kadhaa, au siku nzima, chini ya kitanda cha jirani Mkikuyu. Jina la jirani huyo halimo kwenye ripoti yoyote unayoweza kuifungua leo.

Kumficha mtu ni kazi ya mikono

Tunapenda kusema "alikuwa na roho nzuri" na kumalizia hapo. Roho nzuri haitoshi. Hebu tupige hesabu ya ploti ya kawaida. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Ukuta ni mabati, jirani akikohoa unamsikia. Choo kiko nje na kinatumiwa na nyumba nane. Maji yako kwa mfereji wa landilodi. Umemwingiza mama na watoto wawili.

Mtoto wake akilia, analia kwa sauti ambayo si ya mtoto wako. Ukinunua unga pakiti mbili badala ya moja, mwenye duka anaona. Mtu akitaka kwenda haja, anasubiri giza. Simu yake ikilia kwa mlio usiozoeleka, imekwisha. Watoto wako mwenyewe lazima wafundishwe kudanganya, na mtoto wa miaka minne hajui kudanganya kwa mpango. Halafu vijana wanagonga. Hao vijana si wageni. Mmoja ni binamu yako, mwingine mlicheza naye mpira. Wanakuita kwa jina.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kumwokoa mtu wa kabila lingine ni kuwadanganya watu wa kabila lako, usoni, na kesho utaendelea kuishi nao.

Mandera tunaisherehekea, kwa nini?

Mtu atasema Wakenya huwa tunawaheshimu watu kama hawa, na atanitajia Mandera. Ni kweli, na ni vizuri. Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, kundi hilo liliteka basi jingine huko Mandera, likawatenga abiria wasio Waislamu, na kuua watu 28. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Kina mama waliwapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Watu wawili waliuawa siku ya shambulio, lakini yale ya 2014 hayakurudiwa.

Mwalimu Farah alipewa nishani ya serikali baada ya kifo chake. Kisa cha basi hilo kikatengenezewa filamu, Watu Wote, iliyotoka 2017 na ikateuliwa kuwania Oscar. Anastahili yote hayo na zaidi.

Lakini tujiulize kwa nini Mandera ilikuwa rahisi kusherehekea na Kisumu, Eldoret na Naivasha hazikuwa. Mandera adui alikuwa ametoka nje. Ukimsifu Farah hakuna Mkenya unayemuumiza. Ila ukimsifu mama wa Nyalenda aliyemficha Mkikuyu, swali linalofuata ni moja tu: alikuwa akimficha asionwe na nani? Jibu ni sisi. Ni binamu. Ni yule ambaye leo ni mzee wa kanisa, au mwenye duka la vipuri, au anayegombea udiwani.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu orodha ya tatu haipo. Wakarimu hawajakosekana. Shida ni kwamba kila jina la aliyefungua mlango linavuta jina la aliyegonga.

Wengine walipitia haya kabla yetu

Usidhani ni ugonjwa wa Kenya peke yake. Wakati Ujerumani ya Hitler ilipoikalia Poland, adhabu ya kumsaidia Myahudi ilikuwa kifo, na mara nyingi si kwako peke yako. Kijijini Markowa, mkulima Józef Ulma na mkewe Wiktoria waliwaficha Wayahudi wanane. Machi 24, 1944 polisi wa Kijerumani walifika, wakawaua Wayahudi wote wanane, mume, mke aliyekuwa mjamzito, na watoto wao sita. Hawa dunia inawajua, na Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri mwaka 2023.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi ni Antonina Wyrzykowska. Yeye na mumewe Aleksander walikuwa na shamba karibu na Jedwabne, mji ambao Julai 1941 Wayahudi walichomwa ndani ya ghala na majirani zao Wapolandi. Hao wawili waliwaficha Wayahudi saba chini ya zizi la mifugo kuanzia 1942 mpaka Januari 1945. Wajerumani waliondoka, saba wakatoka wazima. Halafu Antonina akapigwa. Waliompiga walikuwa Wapolandi wenzake, baada ya vita, kwa sababu alikuwa amewaficha Wayahudi. Familia ikalazimika kuhama.

Soma hapo tena kisha uniambie kama bado unashangaa kwa nini wazee wa Luanda Kotieno wanabadilisha stori.

Hata hivyo jina la Antonina tunalijua. Tunalijua kwa sababu kuna watu waliofanya kazi ya kuliandika. Taasisi ya Yad Vashem, Jerusalem, imewatambua watu zaidi ya 28,000 waliohatarisha maisha yao kuokoa Wayahudi bila kulipwa. Utaratibu wao ni wa maana sana kwetu: hawamtegemei mtu ajitokeze aseme "mimi niliokoa". Wanategemea zaidi ushahidi wa aliyeokolewa.

Au tusiende mbali, tufuate ziwa letu tu. Mei 1994 mto Kagera ulimwaga ndani ya Ziwa Victoria maiti kutoka Rwanda. Zilielea upande wa Uganda mpaka watu wakaogopa kula samaki. Wavuvi na wanakijiji, watu wasiomjua hata mmoja kati ya wale waliokufa, waliwatoa majini na kuwazika. Kwenye makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamelala zaidi ya watu 10,000. Hao ni watu ambao hawakupata mlango wa kufunguliwa, au mlango waliouingia ulivunjwa.

Na kule walikotoka, kulikuwa na milango iliyoshikilia. Ruhango kulikuwa na mganga wa mitishamba, Zura Karuhimbi, mama mzee asiye na bunduki wala pesa. Alijua majirani walikuwa wakimwogopa wakidhani ni mchawi, akaamua kuitumia hofu hiyo. Aliwaambia wauaji kwamba nyumba yake ina mapepo, akawapaka majani yanayowasha, wakaogopa kuingia. Ndani alikuwa amewaficha zaidi ya watu 100. Kigali, Damas Gisimba aliwahifadhi watu wapatao 400 kwenye kituo chake cha watoto yatima.

Karuhimbi alipewa nishani mwaka 2006, akafariki 2018. Gisimba alitambuliwa miongoni mwa wale ambao Rwanda inawaita Abarinzi b'Igihango, yaani walinzi wa agano. Serikali ya Rwanda unaweza kuikosoa kwa mengi, nami pia ninayo yangu. Lakini kwenye hili wametuzidi: nchi ambayo jirani alimuua jirani imeweza kusema kwa sauti kwamba huyu hapa, wa kabila lile lile la wauaji, alikataa.

Tenda wema, nenda zako?

Najua nitakachoambiwa. Cha kwanza ni methali: tenda wema nenda zako. Mwema hatangazi. Sawa, hayo ni mawaidha kwa mtenda wema. Hayakuandikwa kwa ajili yetu tuliobaki. Mama aliyefungua mlango ana haki ya kwenda zake kimya. Sisi hatuna haki ya kumsahau halafu tukauita usahaulifu wetu unyenyekevu wake.

Cha pili ni kwamba tutafukua makaburi. Tutawasha moto. Hii ndiyo hoja nzito, sitaki kuipuuza, kwa sababu mimi si ninayeishi mlango mmoja na mtu aliyekuwa kwenye kundi lile. Ndiyo maana nasema tusianze na aliyeokoa. Tuanze na aliyeokolewa. Yuko Nakuru, yuko Nyandarua, yuko Kiambu, na wale wa Naivasha wako huku kwetu Siaya na Kisumu. Waulizwe wao: nani alikuficha? Halafu aliyetajwa aendewe pole pole, aulizwe kama anataka jina lake liandikwe. Akisema hapana, andika mtaa tu, andika mwaka, acha jina. Tena hakuna haja ya kutaja aliyegonga. Kazi hiyo ni ya mahakama, ambazo hazikuifanya.

Cha tatu ni kwamba wakianza kupewa pesa watajitokeza waongo. Bila shaka. Kenya hii? Siku ya kwanza tu utapata waokoaji wengi kuliko waliookolewa. Ndiyo sababu pesa zisiwepo kabisa, na ndiyo sababu ushahidi utoke upande wa pili.

Hii si kazi inayongoja Nairobi. Kaunti zina idara za utamaduni zinazopanga tamasha kila mwaka. Kanisa lina daftari. Ofisi ya BMU pale ufuoni ina daftari pia, linaloandika mashua za kila mtu. Na sisi vijana tuna simu zinazorekodi, ambazo tunazitumia kurekodi mambo ya kipuuzi saa kumi kwa siku.

Faida yake ni nini? Sidhani kwamba kumjua Karuhimbi au Farah kunamgeuza mtu kuwa jasiri. Ila najua kinachotokea siku ile kundi linapogonga. Mtu aliye ndani anadhani yuko peke yake. Anadhani kila mtu wa kwao ameamua, na yeye ndiye tofauti, ndiye msaliti. Kama amekua akisikia kwamba kwenye ploti hii hii, mwaka ule, mama fulani alisimama mlangoni na kusema hapana, basi hayuko peke yake. Ana mtu wa kwao wa kumfuata. Wale wanaogonga nao wanajua kwamba mlango huu una historia.

Kwa hivyo mkienda nyumbani likizo hii, iwe Uyoma, Nyeri au Burnt Forest, usimuulize dani wako maswali makubwa ya amani na utangamano. Atakupa majibu ya redioni. Msubiri amalize kuchambua mboga, umuulize kitu kimoja tu: wakati ule, ni nani alilala kwetu? Halafu unyamaze umwache aongee.